Migwisho Kumi na Miwili

Niliifuata mwenyewe machinjioni Vingunguti,
alfajiri, khanga puani,
viatu vya mvua nimeazima kwa shemeji.
Mzee Mwinyikondo akauliza, kisu mkononi:
"Mkia wa supu, mama?"
Nikasema hapana. Wa kuchezea. Kanisani.
Akafuta kisu pajani, akafikiri,
kisha akapita katikati ya rundo akiinua na kutupa,
akinichagulia wenye singa ndefu,
kumi na miwili,
na wa kumi na tatu akaufunga kwenye gazeti:
"Huu sasa wa supu. Wachezaji hula."

Niliilaza chumvini siku nne.
Majirani walinuna.
Mwenye nyumba alikuja na barua ya kunifukuza,
akaona shanga zimetandazwa mkekani,
akaondoka nayo.

Mipini ni ya fagio za sakristia, zile zilizokwisha meno;
kila mti ulitoa mipini minne.
Shanga nyeusi ziliniishia kwenye mgwisho wa nane,
ile minne ya mwisho nikaitia buluu.
Hakuna aliyegundua ila mimi
na Mungu, naye hakusema.

Bibi Tibruzia, kule Mbinga, alikuwa na wa kwake,
wa babu yake, ukining'inia juu ya mlango.
Padri wa enzi zile akamwamuru autie motoni.
Bibi akatia motoni ufagio.
Mgwisho akaufukia nyuma ya jiko,
akaenda kuungama dhambi nyingine.
Mchwa wakaula taratibu.
Kilichonifikia mimi ni kisa hicho tu,
na namna ya kukunja kiwiko.

Ndiyo niliyowafundisha wasichana, Jumamosi sita mfululizo,
nyuma ya ukumbi, chokaa ikiwaganda miguuni:
Mbele tatu, nyuma moja.
Usipunge kama unamwaga mgeni.
Punga kama unampisha.

Ikafika sikukuu ya Mwili na Damu.
Katekista Ndunguru alitaka maandamano yapite njia ya nyuma,
kukwepa harufu.
Padri akasema, "Tupite hapohapo. Na huko kuna watu."
Tukapita hapohapo.

Nzi wa machinjioni hawaijui Jumapili.
Walikuja kwa ubani, kwa maua, kwa jasho la kwaya,
na mmoja akatua kwenye kioo cha monstransi,
katikati kabisa,
kidoa cheusi juu ya mkate mweupe.
Padri mikono yote miwili imo ndani ya shela.
Wabeba mwavuli wameshika miti.
Sauti ya tatu ikapanda, ikaharibu, ikaendelea.
Wote tuliona.
Wote tukatazama mbele kwa ibada kubwa.

Edigna ana miaka tisa.
Mstari wa kushoto, wa tano, mpini wa buluu.
Mbele tatu.
Na ya nne.
Akapunga mara moja, kwa kiwiko,
singa zikapita mbele ya kioo bila kukigusa,
nzi akaenda zake,
na mtoto akarudi nyuma hatua mbili kufidia.

Ndunguru alinitazama.
Mimi nilitazama viatu vyangu.
Getini alisimama Mzee Mwinyikondo, mikono nyuma,
kofia yake safi ya siku ya mapumziko,
midomo ikicheza polepole. Nilidhani anaomba.
Alikuwa anahesabu:
kumi, kumi na moja, kumi na miwili.

Jumatatu niliifua kwenye ndoo, maji mawili,
nikaianika kambani, singa chini.
Lori kutoka mnada wa Pugu likakwama shimoni, mbele ya uzio wangu.
Utingo akashuka kutafuta mawe.
Fahali mmoja mwekundu akapenyeza kichwa kati ya mbao,
akaitazama kamba yangu muda mrefu,
ile mikia ikiyumba kwa upepo, yote pamoja,
kama iliyozoea.
Wa kwake ulikuwa huko nyuma, kizani,
unapunga nzi.